Kibaba cha Diski Nne

Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme naandika:
harusi moja, gigabaiti mia mbili.
Kamera mbili, na ile ya Mhina inayoruka
juu ya mabati ya Ngamiani, kunguru wakiitukana.
Harusi arubaini kwa mwaka,
nusu yake zikigombania Mfungo Mosi.
Terabaiti nane.
Bado mahafali ya chekechea.

Kihiyo amekuja na bisibisi mfukoni.
Amefungua ubavu wa kompyuta,
vumbi la Barabara ya Kumi na Tatu likamrukia.
"Nafasi ziko nne. Nne kwa nne, kumi na sita."

Kumi na sita ya dukani, Kihiyo.
Mwenye duka hupima kwa elfu,
mashine kwa elfu na ishirini na nne;
diski ya nne ukiichomeka
inajitaja tatu na nukta sita.
Haba na haba, nilifundishwa,
ila hakuna aliyesema kibaba cha nani.

"Tuziunge ziwe moja," asema. "Reidi sifuri.
Hutasubiri tena faili lifunguke."
Moja ikifa?
"Zimekufa nne."

Mimi sifuri naijua.
Naijua kwa sauti: tik, tik, kimya,
masika ya mwaka juzi, saa nane mchana,
umeme ulipokatika, ukarudi, ukakatika,
na Bi Mwanakheri ameketi pale kwenye benchi
kungoja harusi ya binti yake.
Ndani yake baba mtu ameshika mkono wa bwana harusi,
"nimekuozesha" ikamkwama kooni,
akameza mate, akaanza upya.
Wiki ya tatu tulimzika.
Nilimrudishia mama yule fedha zake.
Alizihesabu zote,
akaziacha juu ya benchi.

Kihiyo anachukua kalamu yangu.
Tatu. Tano. Mbili.
"Ya nne haina chake, inabeba jumla." Kumi.
(Na zamu ya kubeba huzunguka, asema, kama upatu.)
Anafunika tano kwa kidole gumba:
"Nani hayupo?"
Kumi, toa tatu, toa mbili.
Tano, nasema, na mwili unanisisimka,
maana ndivyo tulivyofanya matangani kwa baba,
huyu ana kikohozi chake, yule ana matusi yake ya bao,
mpaka usiku wa tatu tukawa naye.

Terabaiti kumi na mbili kwa njia hiyo.
Lakini moja ikifa, zile tatu hukaa eda:
siku mbili za kuandika upya, usiku na mchana,
feni ikilia. Na ya pili ikifa ndani ya eda?
Kihiyo anakuna kisogo.

Basi kioo. Mbili ziandike, mbili ziige.
Kumi na sita yangu iwe nane,
na anayetaka harusi yake ilale kwangu zaidi ya mwaka
alipie pango kama mpangaji mwingine.
Kihiyo akafunga skrubu tatu, ya nne imepotea hadi leo.

Mwezi haukwisha.
Usiku mmoja, macho yameniiva,
nilikusudia kufuta majaribio ya taa,
nikafuta watoto wa Makorora na majoho yao yote.
Kioo kilitii.
Pande zote mbili, papo hapo, kwa adabu.
Kioo hakijui kosa; kinajua uso tu.

Ndiyo maana ipo ya tano.
Haikai ndani ya kompyuta wala ndani ya mji.
Kila Ijumaa naifunga kwenye kanga kuukuu
naipeleka Pongwe kwa dada Mwanjaa,
kopo la biskuti, uvunguni mwa kitanda,
mbali na umeme wangu na vidole vyangu.

"Kuna nini humu?" aliuliza mara ya kwanza.
Watu, nikamwambia.
Akaliinua kopo hadi sikioni,
akataka kulitikisa.
Nilipiga kelele jirani akatoka.