Hatua ya Kumi na Nne

Urefu wake ni nusu ya punje ya wimbi.
Nimembandika kwa gundi kwenye ncha ya kadi,
ubavu wa kulia ukinitazama, mguu mmoja umekatika.
Niwie radhi, nyigu. Lori la miwa lilipita nje
na meza nzima ya maabara ikaruka.

Ufunguo alionipa Dakta Nyawade ni kurasa tisa
zilizobanwa kona moja, zina doa la chai.
Haufungui kitu. Unauliza tu.
Hatua ya kwanza: vipapasio vina pingili kumi na nane, au zaidi?
Nahesabu. Nateleza kwenye kumi na moja. Naanza upya.
Kumi na nane. Nenda ya tatu.
Hatua ya tatu: kile kijidirisha cha bawani
kimefungwa pande zote, au kiko wazi?
Kiko wazi, kama jiko la mtu aliyetoka mara moja
kuomba chumvi kwa jirani. Nenda ya nane.
Mkuki wa kutagia mayai: mrefu kupita paja, au umefichika?
Umefichika.
Mwenye kisu kifupi hana budi kusogea karibu.
Nenda ya kumi na nne.

Hivyo ndivyo shangazi Khasandi alivyowahoji
vijana waliokuja Malava kutazama mabinti,
hata kabla hawajaketi:
Ukoo gani? Mlango gani? Nyanya mzaa mama katoka wapi?
Jibu likiyumba, chai hailetwi.

Na mimi nilipewa jina usiku, nikilia.
Wakaniitia marehemu, mmoja baada ya mwingine,
wa kuumeni, kisha wa kikeni,
nikanyamaza kwenye wa saba. Basi, ndiye.
Huyu halii.
Ningemsomea Kilatini chote cha kabatini,
asingetikisa hata unywele wa mguuni.

Alitoka kwa shangazi huyo huyo,
kwenye viazi vitamu vya nyuma ya choo, mwezi wa saba.
Kiwavi mnene mwenye pembe mkiani
alikuwa amebeba mgongoni kitu kama mchele wa pishori.
"Ona anavyotaga, shetani huyu," akavua ndala.
Nikamdaka mkono.
Si mayai yake, shangazi. Ni vitanda.
Waliokuwa wakimla kwa ndani
wametoka kulala nje.
Akaitazama ndala yake, juu, chini, juu.
"Kwa hiyo miaka yote hii
nimekuwa nikiwaponda vibarua wangu?"
Hakuwa ananiuliza mimi.

Hatua ya kumi na nne: bamba la kwanza la tumbo
limepanuka kuelekea nyuma, au limesinyaa?
Nageuza taa. Nageuza kadi. Nafuta lenzi kwa ncha ya leso.
Halijapanuka. Halijasinyaa.
Kingo zake zinakwenda sambamba
kama reli ya Butere, na kama reli ya Butere
sioni zinakoishia.
Nipo mbele ya mlango, ufunguo mkononi,
na mlango hauna tundu.

Dakta anainama, anavuta pumzi puani, ananiachia hadubini.
"Mweke karibu na," anasema.
Ndivyo tunavyoandika: jenasi hii, alama ya kuuliza,
karibu na fulani. Kama yule mtoto aliyelelewa kwetu
ambaye kila msiba tunamtafutia safu ya kukaa.

Jioni shangazi anapiga simu. Kuku kwanza,
kisha bei ya mbolea, kisha, kama asiyejali:
"Yule wangu, mmeshajua ni wa nani?"
Bado.
Kimya. Namsikia akipuliza moto.
"Basi mwache akae kwanza.
Mgeni haulizwi ukoo akiwa wima."

Nimeandika lebo kwa kalamu ya ncha nyembamba:
Malava, viazi vitamu, kwa mgongo wa kiwavi, Khasandi.
Juu yake nimeacha mstari mtupu.
Droo ya tatu, nafasi ya pili kushoto.
Ule mguu uliokatika nimeubandika kando yake,
pengine jibu limo humo.