Namba ya Kumi na Tano

Nilifika Ruse mwezi wa Novemba na masanduku mawili,
moja la nguo, moja la maarifa:
kalamu za rangi, michezo ya kufundishia,
ratiba ya miezi kumi, imechapwa pande mbili.
Buko Benaroya alinipokea stesheni, kofia mkononi.
Akalipima lile la maarifa kwa mkono mmoja, akasema,
"Hili zito. Tuliache chini ya ngazi."
Liko huko mpaka leo.

Chumba changu kiko juu ya ukumbi wa jumuiya.
Dirisha linatazama mto Danubi,
na ng'ambo ya mto ni Romania,
taa zake kama za jirani ambaye hamjawahi kusalimiana.
Bomba la joto hugonga usiku kucha
kama mgeni aliyekosea mlango.

Somo langu la kwanza, Jumapili saa nne,
walikuja wawili:
Leon, miaka saba, mtoto pekee wa Wayahudi wa mtaa ule,
aliyefuata biskuti,
na mbwa wa Viska Majar, aliyemfuata Leon.
Nikafundisha. Ningefanyaje?
Mbwa alisikiliza hadi mwisho.

Huzungumza Kibulgaria, ambacho kwangu ni mvua juu ya bati.
Ila wakijisahau, jikoni, mikono ikiwa na unga,
huwatoka Kihispania cha bibi zao, cha karne tano nyuma,
nami wa Montevideo nageuka
kama aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.
Nikijibu kwa changu, wanacheka.
"Unaongea kama televisheni."

Kazi ya kweli alinipa Sarina Farhi:
daftari la hesabu, jalada jekundu,
majina kumi na manne, namba kumi na nne, kwa wino.
"Kila siku saa tatu asubuhi, piga.
Uliza chochote. Bei ya nyanya.
Jibu si kitu, wewe sikiliza sauti.
Asiyepokea, rudia. Asipopokea tena,
vaa viatu."

Februari nilivaa viatu.
Ghorofa ya nne, mlango haukufungwa.
Viska ameketi, mbwa miguuni pake,
redio ikisoma kina cha maji ya mto, bandari kwa bandari,
sentimita kwa sentimita.
Sikujua sala ya kusema.
Nikaizima redio. Kisha nikaona si haki,
nikaiwasha tena.

Makaburini walitakiwa wanaume kumi, nasi tulikuwa na wanane.
Tukangoja kwenye theluji gari kutoka Varna,
la ndugu wawili wa kuazima.
Buko alinigawia nusu ya skafu yake
bila kuivua shingoni, basi tukasimama hivyo,
tumefungwa pamoja kama kuni.
Sarina hakulifuta jina. Aliweka nukta pembeni.
Mbwa alikwenda kwa Leon.

Machi, homa. Saa tatu ikapita sijapiga.
Saa tatu na dakika kumi simu ikalia.
"Uko hai?" Buko.
"Nipo."
"Haya." Akakata.
Akafuata Sarina, eti anataka kujua bei ya nyanya.
Akafuata mwingine, na mwingine,
mpaka saa nne na nusu, wote kumi na watatu,
na sauti yangu ikawa imekauka kwa kusema nipo, nipo, nipo.
Mchana nikakuta mlangoni mayai sita
yaliyochemshwa usiku kucha na maganda ya vitunguu,
rangi ya samani za zamani, bado ya moto.

Nilipopona nililifungua daftari.
Chini ya wote, mstari wa kumi na tano,
jina langu kwa herufi za Kibulgaria, limekosewa kidogo,
na namba yangu.
Kwa penseli.

Sikuuliza kwa nini penseli.
Karatasi pale imechakaa kwa raba,
imewabeba wengine kabla yangu, waliokuja Novemba na masanduku;
ukiinua ukurasa dirishani,
mstari ule peke yake unapitisha mwanga.
Saa tatu kasoro moja. Napiga.