Risiti Namba Mia Mbili na Saba

Dirisha la maombi lilifunguliwa Jumatatu,
na foleni yetu hapa Isevya imefika kwa fundi viatu.
Nawajua kwa namba za mtihani kuliko kwa majina.
Nyanzala, daraja la pili, anataka uuguzi
popote pasipo na shangazi yake.
Sizya amenyang'anywa kiti na baba yake,
anayejibu kila swali, "Sheria. Andika sheria,"
huku mtoto akiitazama feni.

Mwaka wa tatu huu nawajazia watu vyuo.
Nywila zao zimo kwenye daftari langu la mraba,
karibu zote ni jina la mama na mwaka.
Huwa nawaambia: chaguo la kwanza liwe la moyo,
la pili la akili,
la tatu mwachieni bodi ya mikopo.
Wanacheka. Wanalipa elfu kumi ya chuo, elfu tatu yangu,
wanaondoka na risiti iliyokunjwa mara nne.

Mchana Kulwa hunitumia sauti kutoka Mbeya.
Pacha wangu. Alinitangulia dakika ishirini duniani
na miaka mitatu chuoni,
kwa kuwa ndoo za asali za mwaka ule
zilitosha godoro moja, sanduku moja, nauli moja.
Hatukupiga kura. Mama alisema, "Kulwa ndiye mkubwa,"
nami nikaenda jikoni kuangalia chai
ambayo haikuwa imebandikwa.

Anasema baridi ya Juni huko inauma mpaka kwenye meno.
Chumba ni cha wanne, wanalala sita,
wawili wamebebwa na wenzao kitanda kimoja kichwa kwa miguu.
Bumu likichelewa, wali maharage unakuwa maharage.
Maktaba inajaa kabla ya jua,
watu wanaacha kandambili juu ya viti
kushika zamu.
Halafu sauti inashuka, anasema kuna usiku
wanakaa kwenye ngazi za ukumbi, yeye na wa Mtwara,
wa Pemba, wa Tarime,
wanabishana jambo lisilo na mtihani
hadi mlinzi anazima taa,
na hajawahi kuchoka kwa raha namna ile.

Hiyo nimeisikiliza mara tisa.

Kuna chuo hapahapa Tabora. Ningeenda kwa baiskeli,
ningekula kwa mama, jioni ningefungua duka.
Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha:
kila tarakimu inasema, baki.
Bahasha yenyewe nimeitia mfukoni, sijui kwa nini.

Mama alikuwa anachuja masega ya Sikonge
nilipomweleza njia: Ipole, Rungwa, Chunya, halafu milima.
Hakuinua uso.
"Huko wanayo asali?"
Mpaka sasa sijajua kama lile lilikuwa swali
au ruhusa.

Jana saa mbili usiku nilishusha mlango nusu.
"Anayefuata," nikasema,
nikaenda kuketi upande wa mteja.
Kiti kile ni kifupi. Kumbe kioo kimegeukia kwangu;
watu mia mbili na sita wameniamini
bila kuona ninachoandika.
Nikakigeuza.

Namba yangu ya mtihani nilikuwa nimeisahau,
mimi ninayekariri za mji mzima.
Nilipoipata, nikaandika: Mbeya. Takwimu.
Nikafuta. Nikaandika Tabora. Nikafuta.
Nikaiacha Mbeya, mkono ukiwa baridi kabla ya safari.
Kiduara cha mtandao kikazunguka, kikazunguka,
kikatulia.

Elfu kumi ikaenda chuoni. Elfu tatu nikaitia kwenye droo,
maana duka si la baba yangu,
nikajikatia risiti
nikasaini pande zote mbili,
aliyelipa na aliyepokea.

Mtu akagonga chini ya mlango, nikaona kanda za viatu tu.
"Mnatoa kopi bado?"

"Bado," nikasema.
"Bado nipo."