Sampuli ya Kulinganishia

Mwaka wa pili wa shahada umeisha,
Sayansi ya Mazingira,
nimerudi Mahuta na kekee ya udongo
niliyoisainia stoo: ikipotea, nalipa.
Mama kaipokea, kaipima uzito kwa mkono.
"Hiki ndicho wanachowafundishia? Kuchimba?
Si ungebaki tu."

Alfajiri mashine inaunguruma shambani.
Kaka yangu Nangomwa amejifunga kanga puani,
bomba begani, analenga juu kwenye maua,
na unga wa njano unapanda, unasita, unashuka
juu ya majani, juu ya kuku, juu ya sufuria,
juu ya daftari langu, kwenye safu ya tarehe.
Bila salfa ubwiri unga unamaliza maua yote,
hilo nalijua tangu sijajua kusoma.
Nimesomeshwa kwa mifuko hiyo.
Bumu lilitoa nusu, mnada wa korosho ukatoa nusu,
na msimu ule bei ilipoanguka
nililala njaa Morogoro kwa bei ya Tandahimba.

Nachimba sentimita kumi na tano,
mkorosho wa kwanza, wa nne, wa saba,
nafunga, naandika kwa kalamu isiyofutika.
Watoto wananifuata wakidhani natafuta madini.
Bwana Chitanda, katibu wa chama cha msingi,
kasimamisha pikipiki bila kuzima:
"Binti, hayo matokeo yatatushushia bei?"
Nikasema hapana.
Sikuwa na uhakika.

Lakini Daktari Nampunju alishaonya darasani:
"Bila sampuli ya kulinganishia huna utafiti,
una malalamiko."
Haya, nitafutie basi, Mahuta nzima,
mahali ambapo salfa haijawahi kutua.
Siku mbili nilizunguka, mpaka kwa mpaka, njano kwa njano.
Palibaki pamoja tu, bondeni, mbali na mikorosho:
kichaka cha makaburini,
ambako hata panga haliingii bila dua.
Alikolala baba.

Nilimwomba mama ruhusa akiwa anakuna nazi.
Mbuzi ikanyamaza.
"Unataka kumchimba baba yako?"
Si yeye, mama. Pembeni. Hatua kumi. Gramu mia mbili.
Akaendelea kukuna, nazi ikaisha,
akawa anakuna kifuu kitupu.
Kesho yake tukaenda wote. Akavua kandambili,
akanionyesha kwa kidole cha mguu:
"Hapo. Usizidishe."

Mashine ya maabara haijui kuzunguka maneno.
Chini ya mikorosho yetu: nne nukta tatu.
Makaburini: sita nukta moja.
Namba ikishuka, uchachu umepanda.
Nikapima mara tatu, nikapiga simu,
nikaeleza chokaa, nikaeleza mizizi,
nikaeleza miaka ishirini ya njano juu ya njano.
Mama alisikiliza mpaka vocha ikakaribia kuisha.
"Kwa hiyo baba yako amelala pazuri
kuliko sisi tunapolima?"
Sikuwa na jedwali la kujibu hilo.

Ukurasa wa mwisho wa ripoti una kisanduku:
Mtafiti ataje mgongano wa maslahi, kama upo.
Niliandika: Hakuna.
Nikafuta.
Nikaandika: Ada. Nauli. Koti hili jeupe.
Msimamizi akazungushia wino mwekundu: "Fafanua."

Sijafafanua. Juni inarudi,
Nangomwa ameshaulizia bei ya mfuko,
na mimi nimemtumia salio la bumu, aongezee.
Fundi wa maabara anasema sampuli zikishapimwa hutupwa.
Zile za mikorosho nimemwachia.
Hii moja nimeifunga kwenye pindo la kitenge,
kwa sababu mama, kabla simu haijakatika, alisema:
"Ule wa kwa baba yako, ukimaliza kuupima,
uurudishe."