Saa Arobaini

Ada ya mafunzo ilikuwa saa arobaini, si shilingi.
Damari Chilongani alituandika kwenye daftari la hesabu,
Nkuhungu, nyuma ya zahanati,
sisi kumi na mmoja, na viatu visivyofaa.
"Wiki sita mnajifunza bure. Kisha mtalipa
kwa mikono, kwenye viwanja vya watu."

Mimi nilihamia Dodoma na mafaili ya wizara,
nikaamini udongo huu umeshakufa:
mwekundu, mkavu, ukiupiga jembe unalia kama sufuria.
Damari akaumwagia kikombe cha maji ya mchele,
akachuchumaa, akasubiri.
"Haujafa," akasema. "Umenuna."

Basi tukajifunza kuubembeleza.
Samadi ya mbuzi iliyolala hadi ikasahau harufu.
Vishimo kama sinia, si matuta,
maana mvua ya huku ni mgeni mwenye haraka:
usipomkalisha chini, ameshapita.
Maji ya kunawia uso yana kazi ya pili.

Saa yangu ya kwanza niliilipa kwa Yeremia Malogo,
mgane wa miezi minne.
Vibanio vya nguo vya mkewe vilikuwa bado kambani.
Nilifika na mkoba wa mbegu na maneno mengi.
Hakutaka mchicha. Hakutaka figiri.
Alinipa kopo la dawa ya viatu, likichakarika:
"Mlenda wake. Alikuwa akipanda mimi nikiwa kazini.
Sijui unapandwaje."

Nami sikujua. Nilidhani mlenda huota tu.
Nikampigia Damari, nikaweka spika.
"Zina usingizi mzito hizo. Chemsha maji,
zimwagie, hesabu hadi kumi, chuja."
Yeremia akashika chujio la chai.
Alifika saba, akanyamaza.
Nikamalizia mimi: nane, tisa, kumi.

Zilichukua siku tano, na nyingine hazikuja kabisa.

Mwezi wa tatu Damari alipiga mstari chini ya jina langu:
arobaini, hudaiwi.
Jumamosi ile nilipita tena kwa Yeremia, mikono mitupu.
Alikuwa ameshachuma, ameshapika mwenyewe,
na magadi ameyazidisha.
Tulikula kwa ugali wa uwele, tukivuta mlenda kimya kimya,
wala hakuna aliyesema neno kuhusu magadi.

Saa hiyo sikuiandika popote.