Sahani ya Saba

Makambako, basi hupumua dakika kumi tu.
Abiria hushuka na ukungu mabegani,
wanaagiza huku wakitembea:
wali maharage, wali kuku, chai ya maziwa, fanya haraka dada.
Dada ni mimi, Atuganile, miaka kumi na saba na miezi,
mkono wa kulia sahani tatu, wa kushoto mbili,
jicho moja mlangoni.

Honi ikilia, njaa haina adabu.
Wapo wanaolipa wakitafuna,
wapo wanaosahau chenji,
na yupo mmoja, kila wiki yupo,
anayepanda basi na sahani yetu
kana kwamba alikuja nayo kutoka kwao.
Nimewahi kulifukuza basi hadi karibu na mizani,
kandambili moja ikabaki kwenye lami,
nikarudi na moshi wa dizeli kwenye meno.
Sahani ikaenda Songea.
Bei yake ikaja kwangu.

Mama Chaula si mtu mbaya. Nalisema mapema
kwa sababu nimekula uji wake nikiumwa,
na koti hili zito alinipa yeye
Juni, baridi ilipoingia hadi kwenye kucha.
Ila ana daftari lenye jalada la bluu.

Sahani saba, elfu ishirini na moja.
Mteja wa kuku aliyetoroka, elfu saba.
Glasi mbili, elfu tatu.
Maziwa yaliyochacha siku umeme ulipokatika, elfu kumi na saba.
(Umeme nao niliukata mimi?)
Mshahara elfu themanini.
Nikapokea thelathini na mbili
na neno moja: "Jifunze."

Pasaka, mabasi yalipopanga foleni hadi kituo cha mafuta,
tuliuza mpaka ukoko.
Kopo la fedha halikufunga.
Siku ile daftari la bluu lililala usingizi,
hakuna aliyeandika: Atuganile, faida, elfu kumi.
Hasara inalijua jina langu, inajua na ninapolala.
Faida tukikutana njiani
inanipita kama mgeni.

Huruma anaziba pancha ng'ambo ya barabara.
Alikuwa kibarua Mgololo;
sheria aliijifunza kwa kukatwa.
"Mshahara si kitunguu," aliniambia, mpira wa ndani shingoni.
"Kitunguu hakiulizwi. Wewe unaulizwa.
Kosa ni lako? Liandikwe. Uelezwe. Ujibu.
Ukikubali, utie saini.
Na hata ukitia saini, isizidi robo."

Robo.
Nililala na neno hilo kama mtu aliyeokota ufunguo
asijue mlango uko mtaa gani.

Usiku nikaandika barua, kwa penseli, nikafuta, nikaandika kwa kalamu:
Mama, glasi mbili ni zangu.
Nilikuwa nacheka na Tulizo, zikateleza. Hizo nitalipa.
Lakini sahani zimechukuliwa na watu wazima,
wenye nauli mfukoni na shahada za mikoa mingine.
Nani alinipa miguu ya kulishinda basi?

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena.
Akafuta unga mkononi.
"Nani kakufundisha?"
Kisha akaiweka chini ya bakuli la sukari,
na leo ni siku ya tatu,
sisimizi wameanza kuisoma.

Saa nne na dakika kumi honi ililia.
Mwanamume mwenye shati la mistari
akatoka na wali wetu, akaruka dimbwi,
hakumwaga hata punje.
Mimi sikukimbia.
Nilichukua daftari langu mwenyewe, la kurasa arobaini,
nikaandika: sahani moja, wali kuku, basi la kijani.
Mwenye deni:

Hapo nikaacha nafasi.
Mama Chaula alikuwa amesimama nyuma yangu,
mwiko mkononi, anaitazama nafasi ile.
Mchuzi ulikuwa unaungua.
Hakuna aliyeusogeza.