Rimoti ya Sajini Marajan

Ile ya zamani aliing'ata betri,
akaianika dirishani pamoja na pilipili,
akaifunga tumboni kwa mpira wa baiskeli,
mpaka ikafa kabisa, Jumanne, katikati ya taarifa ya habari,
sauti ikiwa thelathini na mbili,
na hakuna wa kuinyamazisha ila kung'oa waya ukutani.

Fundi wa pale Bombo alisema ya aina hiyo haipatikani,
labda Kampala. Labda.
Nikamwambia baba: nitakutengenezea nyingine, haili betri.
Akanitazama kama ninayemuuzia maji ya mvua.

Usiku nikaketi na laptopu iliyovunjika bawaba,
nikaandika ukurasa mmoja, hauna mapambo,
wa kufunguka kwenye simu yake:
vitufe vinane, vipana kama vipande vya sabuni,
kwa maana kidole chake siku hizi hakifiki kinakotumwa,
kinatetemeka njiani, kinagonga kwa jirani.
PANDA. SHUKA. MBELE. NYUMA.
ONGEZA. PUNGUZA. NYAMAZA. LALA.
Sikuandika "zima".
Mama ndiye aliyekuwa akisema "haya, lala sasa",
akiiambia televisheni kama kitinda mimba wake.

Asubuhi kioo kikauliza, kwa herufi nyeupe:
kuna kifaa kinataka kuingia, kiruhusiwe?
Kikatoa tarakimu nne.
Baba akakaa wima.
Miaka ishirini na sita ya redio za jeshi,
masikio yaliyochubuliwa na vipokea sauti.
"Neno la siri," akasema. "Soma polepole. Usikosee."
Saba. Sifuri. Tatu. Tisa.
"Nimepokea. Ova."
Hakuwa akiniambia mimi.

Alhamisi yuniti za Yaka zikaisha.
Umeme uliporudi ukurasa ulikuwa kipofu,
unabonyeza, unabonyeza, hakuna anayeitika.
Ruta ilikuwa imeamka na kugawa namba upya,
na televisheni, pale pale chini ya kitambaa cha mama cha kufuma,
haijasogea hata unywele,
ilikuwa na anwani nyingine:
jana ya kumi na nne, leo ya ishirini na moja.

Nilipomweleza hakucheka.
"Ndivyo tulivyokuwa," alisema. "Unalala Gulu,
karatasi inasema uko Moroto.
Barua za mama yako zilinifikia zimeshazeeka."

Nikaingia kwenye ruta, nikaifungia televisheni namba yake,
hiyo moja, umeme ukatike usikatike.
Makazi ya kudumu.
Akataka aione imeandikwa.
Akainakili nyuma ya kadi ya kliniki, tarakimu baada ya tarakimu,
kila nukta akiichimba kama shimo la mhindi.

Nyumba hii ina simu mbili,
na ukurasa unafunguka kwenye zote mbili.
Hilo sikulifikiria.
Jumapili niko jikoni na gurusa kwenye kikaango,
kelele za mpira zikanizidi,
nikapunguza kutoka kule kule.
Ikapanda.
Nikapunguza.
Ikapanda mara mbili haraka, ikatulia, ikapanda mara moja.

Tangu arobaini ya mama, baina yetu ni "chai iko tayari"
na "umefunga mlango?"

Nikachungulia. Simu iko mapajani,
macho hayako kwenye mpira, yako ukutani,
na kidole kiko juu ya ONGEZA,
hakitetemeki,
au kinatetemeka kwa mpangilio.
Haraka, haraka. Kimya. Tena.

Lugha ile ya nukta na mistari hakunifundisha,
wala sikuwahi kumwomba.
Gurusa ikaanza kuungua upande mmoja.
Nikafuta unga kwenye kidole gumba,
nikabonyeza PUNGUZA mara tatu,
nikasubiri.